Mpini wa Kumi na Tatu

Risasi ya kwanza ya Maeng Ha-jin Jumanne ile asubuhi ilitua katikati kabisa ya shabaha. Guk Da-ol, aliyekuwa amesimama nyuma ya mstari akiwa ameuandaa uso wa mtu asiyejua lolote, akabaki na uso huo bila kazi ya kuupa.

Mambo hayakupangwa hivyo. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo, tena wa heshima zake. Wiki ile zamu ya kutoa masanduku ya bastola kwenye chumba cha silaha na kuyapanga mezani ilikuwa ya Da-ol. Kocha Tak alifungua mlango wa chuma, akahesabu masanduku, akaenda kuchukua kahawa yake ya mashine. Da-ol akabaki na bisibisi na dakika nne. Bastola yake na ya dada Ha-jin, mkubwa wake wa bweni, zilikuwa pacha: za upepo, za kampuni moja, zilizonunuliwa na shule siku moja. Kilichozitofautisha ni mpini tu, na mpini unashikiliwa na skrubu moja. Alifungua huu, akafungua ule, akaibadilisha, akakaza skrubu, kisha akayafunika masanduku mawili kwa adabu zote, kama mtu anayefunika maiti.

Alichotarajia ni hiki. Dada Ha-jin angeshika bastola, angeshtuka kama mtu aliyetia mguu kwenye kiatu cha jirani, angegeuka na kusema "Guk Da-ol" kwa ile sauti yake ya kupasua barafu, timu ingecheka, na siku ingeendelea. Da-ol alikuwa tayari hata kuandika barua ya kujutia. Tangu aingie Shule ya Michezo ya Unhak alikuwa ameshaandika kumi na moja, na mwalimu wa nidhamu aliwahi kukiri kwamba uandishi wake unakua.

Lakini Ha-jin alishika bastola, akatulia, akafumbua vidole mara moja na kuvifumba tena. Akaitazama shabaha mita kumi mbele yake. Akainua mkono. Kumi. Akainua tena. Kumi. Ya tatu ilikuwa tisa, halafu kumi, kumi, kumi.

Kwenye risasi ya ishirini Da-ol aliacha kuandaa uso. Kwenye ya arobaini alisahau kwamba na yeye ana shabaha yake ya kupiga. Kwenye ya sitini skrini iliyo juu ya kichwa cha Ha-jin ilionyesha 583 kati ya 600, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata kompresa ya kujazia upepo ikawa kama imeambiwa inyamaze.

Katika miaka yake yote mitatu Unhak, Ha-jin hakuwahi kuvuka pointi 576. Alizifikia mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa.

Kocha Tak alisogea polepole, mikono nyuma. Kocha Tak hakuwa mtu wa kusifu. Mwaka uliopita, mwenzao Pyo Gyu-ri alipovunja rekodi ya mkoa, kocha alimwambia afunge kamba za viatu.

"Umebadilisha nini?" akauliza.

Ha-jin alitazama sakafu. "Sijabadilisha kitu, kocha."

"Basi usibadilishe. Huo mpini usiguswe. Si kwa tupa, si kwa msasa, si kwa kucha. Mpaka Jumamosi."

"Ndiyo, kocha."

"Na wewe," kocha akamgeukia Da-ol, "umetoa macho hivyo umeona mzimu?"

"Nimeona mia tano themanini na tatu, kocha."

"Kazipige na wewe."

Da-ol akaenda kwenye mstari wake. Mzimu angeuvumilia. Tatizo ni kwamba mpini uliopiga 583 ulikuwa wake.

*

Mpini unapotoka kiwandani haumkai mtu yeyote duniani. Ni bonge la mbao ngumu lililochongwa kwa kukisia, na kila mpigaji hulimalizia mwenyewe: anakata hapa, anajaza puti ya kuzibia mbao pale, anasugua, anashika, anafumba macho, anainua mkono, anafumbua macho kuona kama bastola inatazama inakotakiwa kutazama. Haitazami. Anarudi kwenye tupa. Mpini ukikamilika, mkono unaingia kwa njia moja tu, kama ufunguo, na bastola haikai tena mkononi bali inaota hapo.

Dada Ha-jin aliuchonga wake mwaka wa kwanza, kwa siku mbili, akaupaka vanishi nyeusi ya kopo la timu, na hakuugusa tena. Ulikuwa mpini laini, wa kawaida, wenye tabia njema.

Wa Da-ol, chini ya vanishi ile ile nyeusi, ulikuwa umepata maisha magumu zaidi. Alikuwa ameuchonga upya mara kumi na mbili, na ule wa wiki hii ulikuwa wa kumi na tatu. Alipandisha kitako cha kiganja, pale mkono unapokalia, akakishusha. Alinenepesha ubavu, akaukondesha, akalala akiwaza, akaunenepesha tena. Alitembea na kipande cha msasa mfukoni kama wenzake wanavyotembea na mafuta ya midomo. Kwa maana Da-ol alijua, tena kwa ushahidi, kwamba yeye ni mpigaji mzuri sana mwenye mpini mbaya. Akipiga 571, zilikuwa za mpini. Akipiga 568, zilikuwa za mpini na unyevu wa hewa.

Sasa mshtakiwa alikuwa ameonekana hana hatia, hadharani, na mashahidi ni risasi sitini.

Kilichozidisha msiba ni kwamba na yeye mwenyewe asubuhi ile, akiwa ameshika mpini wa Ha-jin na kichwa kimejaa moshi, alipiga 575, ambazo hajawahi kuzipiga. Hakuweza hata kuzifurahia. Baada ya kila duru ya risasi kumi mkono wake wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe kutafuta msasa, na kila mara akaukumbusha kwamba mpini ule si wake wa kuusugua.

Angesema siku hiyohiyo. Nia ilikuwepo. Lakini Jumamosi ulikuwa mchujo wa mkoa, na kwenye timu ya Unhak kulikuwa na mwiko mmoja mzito kuliko yote: wiki ya mchujo hakuna anayezungumzia bastola ya mwenzake. Haisifiwi, haiulizwi, haisemwi hata kwamba ina vumbi. Mpigaji ni kichwa, na kichwa cha wiki ya mchujo ni kama bakuli lililojaa supu mpaka ukingoni. Anayeligusa kwa kiwiko ndiye atakayefuta meza.

Na bakuli la dada Ha-jin ndilo lililokuwa limejaa kuliko yote. Wasichana watatu wangeuwakilisha mkoa kwenye Tamasha la Michezo la Taifa. Nafasi mbili zilikuwa kama zimeshakwenda, moja kwa Gyu-ri na moja kwa msichana wa shule nyingine. Ya tatu, kwa hesabu za kila mtu mwenye vidole, ingekuwa ya Ha-jin au ya Da-ol. Da-ol alikuwa kidato cha pili. Kwake ilikuwa utukufu, na mwakani upo. Ha-jin alikuwa cha tatu, cha mwisho, anamaliza shule. Timu ya wapigaji ya manispaa ilishamwambia waziwazi: ukienda Tamasha la Taifa, tunakuajiri, usipoenda, tunakutakia kila la heri. Mama yake alikuwa akifungasha mapeasi kwenye ghala, na Ha-jin alishaambiwa kwamba ghalani kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Da-ol alijaribu. Jioni ile bwaloni alikaa kando ya Ha-jin, ambaye kwa kawaida wiki ya mchujo hula kama shomoro. Leo alikuwa kwenye bakuli la pili la wali.

"Dada."

"Mm."

"Kuna kitu nataka kukuambia."

"Kitaniudhi?"

"Kidogo."

"Basi kaa nacho mpaka Jumapili. Nipitishie kimchi."

Da-ol akapitisha ile kabichi ya pilipili. Mtu afanye nini, mkubwa wake ameshaamuru.

Jumatano Ha-jin alipiga 579. Alhamisi 580. Bwenini alianza kuimba akiwa anapiga mswaki, jambo lililowatia wasichana wengine hofu. Da-ol alikuwa akilala kitanda cha chini yake, akizitazama mbao za kitanda cha juu, na kila mbao ilikuwa na sura ya mpini. Ijumaa jioni, wakati wa kufunga mizigo, alijisikia kuna kitu fulani cha Ijumaa jioni ambacho hajakifanya. Akakagua kitambulisho. Akakagua soksi. Vyote vilikuwepo, akafunga begi.

*

Meza ya ukaguzi ilikuwa kwenye korido ya uwanja wa mkoa, na nyuma yake walikaa wakaguzi watatu na vifaa viwili vya kutisha. Cha kwanza kilikuwa jiwe la nusu kilo: bastola inaliinua kwa kifyatulio chake, na kifyatulio kikifyatuka kabla jiwe halijanyanyuka, ni chepesi mno na hakikubaliki. Cha pili kilikuwa sanduku la chuma lisilo na mfuniko, jembamba, ambalo upana wake kwa ndani ni sentimita tano kamili. Bastola na mpini wake inalazwa humo. Ikiingia ni halali. Isipoingia ni mbao tu.

Da-ol alitangulia. Jiwe likanyanyuka. Bastola ikateleza sandukuni kwa tabia njema ya mpini wa Ha-jin, na mkaguzi, mama mwenye miwani ya mnyororo, akabandika stika ya kijani bila kuinua kichwa.

Aliyefuata alikuwa Ha-jin. Jiwe likanyanyuka. Mkaguzi akailaza bastola juu ya sanduku, akabonyeza. Akaigeuza, akabonyeza tena. Akainua kichwa.

"Binti, haiingii."

Na hapo Da-ol akakumbuka kitu cha Ijumaa jioni.

Puti. Jumapili, siku mbili kabla ya mzaha, aliujaza ukingo wa kitako cha kiganja puti ya kutosha kuziba tundu la panya. Alifanya hivyo kila mara. Kwenye mazoezi hakuna sanduku, kwa hiyo aliuacha mpini unenepe alivyotaka, akausikilizia wiki nzima, na jioni ya kuamkia mashindano ndipo alipousugua mpaka ukaingia kwenye kipimo. Ijumaa ya wiki hii hakuwa na mpini wa kusugua. Mpini ulikuwa kwenye bastola ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba unahitaji kusuguliwa.

"Imepita kama milimita mbili, labda tatu," mkaguzi alikuwa akisema. "Irekebishe uirudishe. Tunafunga saa nne kasoro ishirini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo.

Ha-jin aliinama, akashukuru, akaichukua bastola kwa mikono miwili. Hakulia wala hakubisha. Rangi yake tu ndiyo ilikuwa imeondoka na kwenda mahali pengine. Alitembea mpaka kwenye ngazi za mwisho wa korido, akaketi, akauweka mpini kwenye mapaja na kuutazama kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Da-ol alisimama pale pale. Alikuwa ameshtuka mpaka masikio yanavuma, lakini hata mtu aliyeshtuka kiasi hicho hesabu inamjia. Kocha Tak alikuwa kwenye kikao cha makocha mpaka saa nne. Ha-jin hakuwa na msasa, hakuwa na tupa, na hakuujua ule mpini. Asiporudi mezani, hapigi. Asipopiga, nafasi ya tatu ina mwenyewe, na mwenyewe ana stika ya kijani. Hakuna uovu wowote uliohitajika. Ilitosha kwenda kunywa chai.

Akaenda kwenye birika la chai ya shayiri. Akajaza kikombe. Akakipeleka mdomoni, akakishika hapo, na kumbe mkono wake mwingine ulikuwa umeshaingia mfukoni na kuukamata msasa. Akakiweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Dada," alisema, amesimama ngazi moja chini yake. "Huo mpini ni wangu. Nilibadilisha Jumanne. Ulikuwa mzaha. Nilidhani utajua palepale, utanitukana, basi. Wako uko kwenye bastola yangu."

Ha-jin hakuinua uso.

"Najua," akasema.

Da-ol akaketi. Hakukusudia kuketi, ngazi ndiyo ilimfuata.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoushika. Wewe unaweza kuvaa chupi ya mwenzio usijue?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja ucheke. Hukucheka, umesimama tu umekodoa macho kama samaki wa sokoni. Nikasema nipige moja kwanza, halafu nikukamate. Ikawa kumi. Nikasema basi nimalize duru, nikupige vizuri." Ha-jin alikwangua puti kwa ukucha. "Ilipofika sitini, kocha akaja. Ningemwambia nini? Kocha, hizi pointi ni za mtoto wa kidato cha pili?"

"Siku nne, dada."

"Wiki ya mchujo hatuzungumzii bastola."

"Siku nne mimi silali."

"Nilikusikia. Unageuka kama kuku wa kuchoma." Sasa aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuwa nakuibia, Da-ol. Kila asubuhi nilijua nakuibia, na kila asubuhi nilipiga vizuri. Haya, nimepatikana."

Da-ol alikuwa amezoea kushtua watu. Hakuwa amezoea kushtuliwa mara mbili ndani ya dakika kumi kabla ya kifungua kinywa kushuka.

"Tubadilishane sasa hivi," akasema. "Ni skrubu moja tu. Wako unaingia sandukuni, nimeuona unaingia."

Ha-jin aliitazama foleni ya ukaguzi. "Ukifungua hiyo skrubu stika yako imekufa. Mnarudi foleni wote wawili, wewe na mpini wenye puti. Kuna watu kumi na wanne." Akaugeuza mpini mapajani. "Halafu nikiwa na wangu najua nitakachopiga. Nimekipiga miaka mitatu."

"Basi nipe."

"Nini?"

"Bastola. Nipe, na unitafutie penseli."

Penseli ilipatikana kwa mkaguzi. Da-ol alimwambia Ha-jin ashike mpini kama anavyoushika mstarini, afumbe macho, ainue, ashushe, asiachie. Kisha akachora mstari kuzunguka kiganja, pale hasa nyama ya mkono inapoishia na mbao inapobaki peke yake. Kwa maana mpini una sehemu mbili: inayogusa mkono, ambayo ukiipunguza unene wa karatasi tu mpigaji anajisikia yuko nchi nyingine, na isiyogusa kitu, ambayo haimhusu mtu isipokuwa mkaguzi. Puti nyingi ilikuwa nje ya mstari. Si yote.

"Ndani ya mstari siingii," Da-ol alisema. "Nikiingia, 583 zinatoka. Upande wa kulia nitatoa milimita moja kwenye ukingo. Iliyobaki nitaitoa kushoto, chini ya vidole, kwenye mbao yenyewe."

"Mbao ngumu hiyo. Kwa msasa?"

"Una tupa?"

"Sina."

"Basi tuombe."

Akaanza kusugua. Puti iliondoka kirahisi, vumbi jeupe likajaa kwenye suruali yake ya timu. Mbao haikutaka. Alisugua kwa mkono wa kulia, akibana mpini kwa magoti, akipuliza, akigusa kwa kidole, akisugua. Wasichana wa shule nyingine walipita wakapunguza mwendo. Mmoja aliuliza kama hii ni sehemu ya mazoezi ya viungo. Ha-jin alimwambia ndiyo, ya kidato cha pili.

"Pumzika, nisugue mimi," Ha-jin alisema saa tatu na nusu.

"Mkono wako usitetemeke. Una kazi nao."

"Na wako?"

Da-ol aliubana mpini zaidi kwa magoti. Alikuwa ameshaanza kuhisi msuli wa mkono unawaka, ule ule unaoshika bastola isitikisike, na hakutaka kuuzungumzia. Akasugua.

Saa nne kasoro dakika ishirini na tatu walikuwa mbele ya mama wa miwani. Akailaza bastola sandukuni. Ikakwama. Akaibonyeza kwa kidole kimoja, kwa upole, kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya wageni, na ikashuka.

"Mbona ina joto?" akauliza huku akibandika stika.

*

Walipewa mistari jirani, Ha-jin namba saba, Da-ol namba nane. Risasi sitini, kwa muda wa saa moja na robo.

Da-ol aliinua mkono na kuona kitu asichowahi kukiona: ncha ya bastola ikichora herufi hewani. Akashusha. Akapumua. Akainua, ikachora tena. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kutoka kwenye kiwiko, si kwa hofu, kwa uchovu wa kawaida wa mtu aliyefanya kazi ya fundi seremala asubuhi. Duru ya kwanza alipata 92. Mpini haukuwa na kosa lolote. Ulikaa mkononi kwa utiifu na kumtazama tu.

Kwa pembe ya jicho aliona skrini ya mstari wa saba. Ha-jin alikuwa amepata 93. Huyo naye alikuwa hajarudiwa na rangi.

Duru ya pili mkono ulipoa kidogo, 95. Baada ya hapo ikawa siku ya ajabu. Mkono wa kushoto ulikwenda mfukoni, ukakuta msasa umekwisha, ukarudi na kutulia ubavuni. Hakukuwa na kitu cha kusugua, hakukuwa na wa kumlaumu, kulikuwa na shabaha tu. Da-ol akapiga 97. Akapiga 97 nyingine. Kando yake Ha-jin alikuwa akipandisha na kushusha mkono kwa mwendo ule ule mmoja, kama mtu anayeteka maji kisimani, na kila walipomaliza duru skrini mbili zilikuwa zimelingana au zimepishana kwa unywele.

Risasi ya sitini ya Da-ol ilikuwa kumi. Akaweka bastola mezani, akaonyesha kwamba haina kitu, akarudi nyuma. Ndipo akainua macho.

Skrini ya nane: 576. Akaisoma tena. Ilikuwa pointi moja juu ya zote alizowahi kupiga maishani.

Skrini ya saba: 577.

Aliisoma hiyo mara tatu. Mara ya tatu alianza na tarakimu ya mwisho, labda ingekubali kubadilika ikisomwa kinyume. Haikukubali. Nyuma yake mtu alianza kupiga makofi, na jina la Maeng Ha-jin likaandikwa nafasi ya tatu kwenye ubao mkubwa, na chini yake, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, jina la kwanza kati ya wasiokwenda.

Kocha Tak alitokea kati yao. Alitazama skrini ya saba, akatazama ya nane, akatazama vumbi jeupe kwenye suruali ya Da-ol kuanzia mapaja mpaka viatu.

"Duru ya kwanza," akamwambia Da-ol. "Tisini na mbili. Mkono ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa na shughuli, kocha."

Kocha aliitazama bastola ya Ha-jin mezani, ukingo wa mpini wenye mbao mbichi isiyo na vanishi. Alipozungumza, alikuwa anamwambia Ha-jin.

"Funga kamba za viatu," akasema, akaondoka.

*

Walikula gimbap, wali wenye mayai uliofungwa kwa mwani, nje, kwenye ngazi za ukumbi, jua likiwa limeshapanda. Ha-jin alikuwa amempigia mama yake. Mazungumzo yalikuwa mafupi: "Mama. Ndiyo. Ndiyo, ya tatu. Usilie ghalani, watu watakuona." Alipokata simu alitafuna kipande kimoja kwa dakika nzima.

Da-ol alikuwa bado hajapata sura ya kuvaa. Alijaribu ya kishujaa, haikukaa. Akaamua kula.

"Pointi moja," Ha-jin alisema.

"Nimeiona, dada."

"Usingesugua, ungenipita hata kwa tano."

"Nisingesugua, usingepiga. Ningempita nani?"

Ha-jin aliliwaza hilo. Akachukua kipande chake cha mwisho chenye yai nene, akakiweka kwenye kisahani cha Da-ol. Alipomaliza kufuta vidole, alikuwa amerudi kuwa mkubwa wa bweni.

"Mwezi mzima utamwaga visanduku vya kunasia risasi vya mistari yote kumi na mbili. Kila jioni. Na kupiga deki."

Da-ol aliacha kutafuna. "Dada, nimekusugulia mpini."

"Kwa kusugua nimekupa yai. Hii ni ya kuingiza bisibisi kwenye bastola ya mkubwa wako."

"Mwezi?"

"Unataka miwili? Na mpini wangu unakaa kwenye bastola yako mpaka Tamasha liishe. Hauugusi. Nikikuta umeupunguza hata unywele nitajua, unajua nitajua."

"Ndiyo, dada."

Ha-jin alifungua sanduku lake kuhakikisha bastola imelala vizuri, na akaushika mpini mara moja, labda kwa mazoea tu. Da-ol alitazama mkono ule ukiingia mahali pake. Ulikaa vizuri mno. Ila chini ya kidole gumba palikuwa na nafasi, ndogo, ya kupita karatasi.

"Dada, hapo kwenye gumba—"

"Guk Da-ol."

"Nimenyamaza."